Betri Inayoisha Chaji Gari Likiwa Limeegeshwa: Namna ya Kutafuta Kinachonyonya Umeme

Gari lililozimwa jioni likiwa halina tatizo, kisha asubuhi likashindwa hata kuzungusha injini, humfanya mwenye gari afikirie kwanza kununua betri mpya. Kuna wakati uamuzi huo ni sahihi. Lakini ikiwa kuna kifaa kinachoendelea kunyonya umeme baada ya gari kuzimwa, betri mpya nayo itaisha chaji, na itaharibika kabla ya wakati wake, kwa sababu betri za risasi na asidi zinazotumika kuwashia magari hazikuundwa kushushwa hadi chini mara kwa mara. Kila inapokaa bila chaji, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake na kugeuka fuwele ngumu ambazo uchajishaji wa kawaida hauziondoi, na uwezo wa betri hupungua moja kwa moja. Kwa hiyo pima kwanza, nunua baadaye. Kazi yenyewe haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji mita ya umeme, muda usiopungua saa mbili, na uvumilivu wa kutogusa gari wakati halipaswi kuguswa.

Kiasi gani cha umeme ni cha kawaida

Gari la kisasa halizimiki lote. Saa, kumbukumbu za redio na za kompyuta za gari, king'ora na kipokezi cha rimoti huendelea kutumia umeme kidogo usiku na mchana. Katika magari mengi matumizi hayo hayazidi miliampea 50, na mengine hutumia 20 au 30 tu. Baadhi ya magari yenye vifaa vingi hupita kiwango hicho kidogo bila kuwa na hitilafu, hivyo kitabu cha matengenezo cha gari lako, ukikipata, ndicho cha kufuatwa.

Hesabu ndogo husaidia sana kuelewa maana ya namba hizi. Betri ya ampea-saa 60 inayonyonywa miliampea 40 hupoteza takriban ampea-saa 1 kwa siku, kwa hiyo itachukua karibu mwezi mmoja kufika nusu ya chaji yake. Taa ndogo ya wati 5 iliyosahaulika ndani ya buti hutumia karibu miliampea 400, sawa na ampea-saa 10 kwa siku. Betri ileile itafika nusu kwa siku tatu, na baada ya siku tano au sita itakuwa imekwisha kabisa.

Hesabu hiyo hufaa pia kufanywa kinyumenyume, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Ikiwa betri nzima iliyojaa inaisha chaji kwa usiku mmoja wa saa 10, basi kinachonyonya hakiwezi kuwa kitu cha miliampea 80. Lazima kiwe kitu cha ampea kadhaa. Ukipima na kukuta miliampea 80 tu, huku gari likikataa kuwaka kila asubuhi, unyonyaji huo si maelezo ya kutosha: ama betri imekwisha uwezo, ama haichajiwi ipasavyo gari linapotembea, ama kuna kifaa kinachojiwasha kwa vipindi na hakikuwa kimejiwasha ulipopima. Kabla ya kushika spana, jiulize gari hukaa muda gani kabla ya kukataa kuwaka, na uandike jibu hilo.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji mita ya dijitali yenye tundu la ampea 10 na kipimo cha milivolti, klipu za kushikiza waya za mita, spana ya kulegeza vishikizo vya betri, bisibisi, na mchoro wa sanduku la fyuzi, ambao mara nyingi huchapwa ndani ya kifuniko chake.

Betri ya risasi na asidi hutoa gesi ya haidrojeni, hasa inapochajiwa au baada tu ya kuchajiwa, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche. Fanya kazi mahali penye hewa, vua pete na saa ya chuma, vaa miwani ya kinga, na ukiondoa vishikizo anza na hasi, kisha ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Kwa mpangilio huo, spana ikigusa bodi ya gari hakuna mzunguko utakaokamilika. Katika magari ya haibridi na ya umeme, betri ya volti 12 hupimwa kwa njia hizihizi, lakini nyaya zenye rangi ya machungwa ni za umeme wa volti nyingi. Hizo zisiguswe kabisa na mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Hakikisha pia una namba ya siri ya redio, ikiwa redio ya gari lako huidai kila betri inapotolewa.

Hatua ya kwanza: hakikisha betri na uchajishaji ni vizima

Jaza betri kwa chaja mpaka mwisho, kisha iache itulie kwa saa kadhaa bila kutumika. Ukipima mara tu baada ya kuchaji au baada ya safari, mita itaonyesha namba kubwa kuliko hali halisi. Ikiwa huwezi kusubiri, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, ndipo upime. Betri ya kawaida iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, kwenye 12.4 ina takriban robo tatu ya chaji, kwenye 12.2 nusu, na kwenye 12.0 imebaki na robo hivi.

Kisha tenganisha kishikizo cha hasi, uiache betri peke yake usiku kucha, na upime tena asubuhi. Jaribio hili moja hutoa jibu kubwa bila gharama: ikiwa volti zimeshuka kwa kiasi kikubwa ilhali hakuna waya uliounganishwa, tatizo limo ndani ya betri yenyewe, na kutafuta kwenye nyaya ni kupoteza muda. Ikiwa volti zimebaki palepale, rudisha kishikizo, mwombe mtu awashe gari huku ukitazama mita. Wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6 katika hali ya hewa isiyo baridi kali. Injini ikishawaka, katika magari mengi volti hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.7. Zikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, altaneta (mashine inayojaza betri injini ikizunguka) au mkanda wake haufanyi kazi, na betri inaisha kwa kutojazwa, si kwa kunyonywa. Kuna magari ambayo kompyuta hupunguza uchajishaji makusudi ili kuokoa mafuta. Hayo yapimwe kwa dakika kadhaa, taa na feni zikiwa zimewashwa, kabla ya kutoa hukumu.

Uchafu pia una sehemu yake. Vumbi lililochanganyika na unyevu wa asidi juu ya betri huweza kupitisha umeme kidogo kutoka chanya hadi hasi. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi na nyingine iguse plastiki ya juu karibu na chanya. Ikisoma volti yoyote ya maana, osha sehemu hiyo kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, bila kuruhusu maji hayo kuingia ndani ya betri, kisha ikaushe.

Hatua ya pili: ondoa yaliyo dhahiri

Chomoa chaja za simu, kamera za dashibodi na kifaa chochote kilichochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani. Kagua taa ya buti, ya kisanduku cha dashibodi na ya vioo vya kivuli cha jua. Kwa kuwa huwezi kuziona zikiwa zimefungwa, acha simu ndani ikirekodi video, ufunge, kisha utazame. Zaidi ya hayo, orodhesha kila kitu kilichoongezwa kwenye gari baada ya kutoka kiwandani: redio, spika na amplifaya yake, king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, taa za ziada. Vifaa vya kuongezwa vinastahili kushukiwa kabla ya vile vya kiwandani, si kwa sababu ni vibaya, bali kwa sababu nyaya zake huunganishwa kwa haraka. Redio nyingi za aina hii, kwa mfano, huwa na waya wa njano unaopaswa kupata umeme wakati wote na mwekundu unaopaswa kupata umeme swichi ya kuwashia gari ikifunguliwa tu. Fundi akiziunganisha pamoja, redio haitalala kamwe, yaani haitajizima gari likizimwa.

Hatua ya tatu: unganisha mita bila kukata umeme

Mkondo hupimwa kwa kuupitisha ndani ya mita, kwa hiyo mita inakaa kati ya nguzo ya hasi ya betri na kebo ya hasi. Waya mweusi wa mita uwe kwenye tundu la pamoja (COM), mwekundu uhamishiwe kwenye tundu la ampea 10, na kitufe cha mita kiwe kwenye ampea za mkondo mnyoofu (DC). Usianze na tundu la miliampea, maana mkondo wa gari ambalo bado halijalala utaunguza fyuzi ya mita papo hapo. Na kumbuka jambo hili muda wote wa kazi: waya ukiwa bado kwenye tundu la ampea, usijaribu kamwe kupima volti za betri, kwani mita katika hali hiyo ni sawa na kuunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu.

Kabla ya kuunganisha, yafanye mambo yafuatayo kwa mpangilio. Fungua milango utakayohitaji kufikia masanduku ya fyuzi, na kwa bisibisi geuza kitasa cha kila mlango mpaka kiingie kwenye hali ya kufungwa, ili gari liamini mlango umefungwa ingawa uko wazi. Fanya hivyohivyo kwa kitasa cha boneti, ikiwa kina swichi, na cha buti ikiwa betri iko huko. Ukimaliza kazi, vuta mkono wa mlango kuachia kitasa kabla ya kuufunga, vinginevyo utakivunja. Zima kila kitu, funga gari kwa rimoti, na ikiwa gari huwaka bila kuchomeka ufunguo, peleka rimoti mita kadhaa mbali nalo. Katika baadhi ya magari rimoti ikiwa karibu huyazuia kulala.

Sasa shikiza klipu moja kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye kishikizo cha kebo, kisha ulegeze na kunyanyua kishikizo taratibu, ili mkondo uhamie kwenye mita bila kukatika hata mara moja. Ukikatika, kompyuta za gari hujiwasha upya na kuvuta ampea nyingi kwa muda, na wakati mwingine hitilafu uliyokuwa ukiitafuta hutoweka kwa siku kadhaa kwa sababu kifaa kilichokwama kimeanza upya. Ikiwa nguzo ya hasi ina kebo mbili au zaidi, zote lazima zipite kwenye mita. Tangu hapo usiwashe swichi ya kuwashia gari, usiwashe taa kubwa, na kwa vyovyote usijaribu stata. Mkondo wake ni wa mamia ya ampea.

Mita ya koleo inayozunguka waya ni salama zaidi kwa kuwa haikati chochote, ila iwe ya mkondo mnyoofu na yenye uwezo wa kusoma miliampea. Koleo la kawaida lililotengenezwa kwa mamia ya ampea halisemi ukweli kwenye namba ndogo. Njia ya zamani ya kuweka balbu mahali pa mita haifai kwa magari yenye kompyuta nyingi: hata mkondo wa kawaida wa gari lisilolala huiwasha, na ukinzani wa balbu hupunguza volti zinazofika kwenye vifaa.

Hatua ya nne: subiri gari lilale

Dakika za mwanzo mita itaonyesha ampea moja, mbili, hata zaidi, kisha itashuka kwa ngazi. Kila ngazi ni kompyuta fulani inayojizima. Katika magari mengine hali hii huisha ndani ya dakika 10, mengine huhitaji dakika 40 au saa nzima. Vipimo vingi vya uongo huzaliwa hapa, pale mtu anaposoma miliampea 600 baada ya dakika tano na kuanza kung'oa fyuzi za gari ambalo lilikuwa bado linajiandaa kulala. Subiri saa nzima, usiguse, usifungue mlango.

Ikiwa namba ya mwisho iko chini ya 50, gari ni zima kwa wakati huo. Ikiwa imebaki kwenye mia kadhaa, umepata tatizo, na sasa unalo jambo la kufuatilia.

Hatua ya tano: tafuta tawi linalopitisha mkondo

Wengi hung'oa fyuzi moja moja huku wakitazama mita. Njia hiyo hufanya kazi, lakini kila fyuzi inayorudishwa huamsha kompyuta ya tawi lake (kundi la vifaa vinavyolishwa na fyuzi hiyo), na inakubidi usubiri tena. Nashauri fyuzi ziachwe mahali pake na zipimwe juu ya vichwa vyake. Fyuzi nyingi za bapa zina vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi kwa ajili ya vipimo. Weka mita ya pili kwenye milivolti, au, ikiwa una moja tu, irudishe kebo mahali pake bila kukata mkondo, uhamishe waya mwekundu kwenye tundu la volti, na uendelee.

Gusa vidoa hivyo viwili kwa ncha za mita. Fyuzi isiyopitisha mkondo husoma sifuri. Fyuzi inayopitisha husoma sehemu ya milivolti au zaidi, kwa sababu ukanda wake wa chuma una ukinzani mdogo. Fyuzi ya bapa ya ampea 10 ina ukinzani wa takriban milioomu 7 hadi 8, hivyo milivolti 0.1 ni karibu miliampea 13, na milivolti 1 ni karibu miliampea 130. Kadiri fyuzi ilivyo ya ampea nyingi ndivyo ukinzani wake ulivyo mdogo, kwa hiyo usilinganishe fyuzi ya 30 na ya 10 kwa milivolti tupu: usomaji uleule kwenye ya 30 ni mkondo mkubwa zaidi. Pitia sanduku la chini ya boneti, la dashibodi, na la buti ikiwa lipo, ukiandika kila namba isiyo sifuri.

Hatua ya sita: shuka ndani ya tawi

Tawi likishajulikana, soma kwenye mchoro ni vifaa gani vinalishwa na fyuzi hiyo, halafu uvichomoe kimoja kimoja kwenye viunganishi vyake mpaka mkondo ushuke. Ikiwa kati yake kuna relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme wa koili ndogo iliyo ndani yake, anza na hiyo. Relei ambayo migusano yake imeganda huendelea kupitisha umeme baada ya kuzimwa. Ile ambayo koili yake bado inaamrishwa hupata joto linalohisika kwa kidole. Ibadilishe na nyingine inayofanana nayo: mkondo ukiisha, relei ndiyo mbovu, ukibaki, kinachoiamrisha ndicho cha kutafutwa.

Kompyuta inayokataa kulala haimaanishi kwamba ni mbovu. Mara nyingi inaambiwa uongo na swichi. Swichi ya mlango iliyochakaa hulifanya gari liamini mlango uko wazi. Katika baadhi ya magari ya gia za otomatiki, swichi ndogo kwenye mkono wa gia ikiharibika, gari huamini halijawekwa kwenye P (gia ya kuegesha), na kundi zima la vifaa hubaki macho. Kabla ya kukubali kununua kompyuta yoyote, kagua swichi na viunganishi vinavyoiletea taarifa, na utazame kama kuna kutu au maji yaliyoingia.

Ikiwa hakuna fyuzi inayopitisha mkondo

Altaneta na stata huunganishwa kwa kebo nene ambazo kwa kawaida hazipiti kwenye fyuzi ndogo. Daiodi za altaneta huruhusu umeme kwenda kwenye betri na kuuzuia kurudi. Moja ikivuja, mkondo hurudi nyuma gari likiwa limezimwa. Altaneta iliyo na joto saa kadhaa baada ya injini kupoa ni dalili nzito. Ili kuthibitisha, tenganisha hasi ya betri, fungua kebo nene ya altaneta, izungushie mpira au tepu ya umeme ncha yake, unganisha mita upya na usubiri gari lilale. Mkondo ukiwa umetoweka, altaneta ndiyo yenye tatizo. Kipimo cha kusaidia ni kuweka mita kwenye volti za mkondo geu (AC) juu ya betri injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa: usomaji unaozidi volti 0.5 huashiria daiodi mbovu. Baada ya altaneta, fuata nyaya zozote zilizofungwa moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Za amplifaya na taa za ziada ndizo hupatikana hapo mara nyingi.

Unyonyaji wa vipindi

Aina hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mita husoma miliampea 30 mbele ya macho yako, kisha saa nane za usiku kompyuta fulani inaamka na kuvuta ampea 3 kwa nusu saa. Tumia mita yenye uwezo wa kuhifadhi kiwango cha juu na cha chini, uhakikishe haijizimi yenyewe, na uiache usiku kucha. Asubuhi kiwango cha juu kikiwa kikubwa, unajua gari liliamka. Usiku unaofuata, toa fyuzi ya kifaa kimoja unachokishuku zaidi, uache mengine kama yalivyo, na ulinganishe. Kazi hii huchukua siku nyingi, na fundi anayekuomba umwachie gari kwa siku kadhaa kwa tatizo la namna hii anastahili kusikilizwa.

Baada ya matengenezo

Unganisha mita tena kwa njia ileile, subiri saa nzima, na uandike mkondo wa mwisho. Kisha ijaze betri kwa chaja, usitegemee altaneta, kwa kuwa betri iliyoshuka sana haijazwi na safari fupi, na altaneta inayolazimishwa kuijaza hupata joto kupita kiasi. Ipime ikiwa imetulia, liache gari limeegeshwa usiku mmoja kwa hali yake ya kawaida, likiwa limefungwa na kila kifaa kikiwa mahali pake, na uipime tena asubuhi kabla ya kufungua mlango wowote, kwa kufungua boneti pekee pale inapowezekana. Betri iliyokuwa kwenye 12.6 ikikutwa kwenye 12.6 au pungufu kidogo sana, hitilafu imeondoka. Ikiwa mkondo uko sawa lakini volti zimeshuka hadi 12.3, betri yenyewe imeumia kwa kuishiwa chaji mara nyingi, na sasa ndipo ununuzi wa betri mpya una sababu.